Aliyefinyangwa Kavu

Kila mambo yalipomwendea kombo, Ntwari alikuwa na jibu moja: alifinyangwa kavu. Wazee wa Kanazi husema Imana, Mungu wa jadi yao, huingia nyumbani watu wakiwa wamelala, akamfinyanga mtoto tumboni na kumpa bahati yake, hivyo mwanamke asilale bila kuacha maji ya kulowesha udongo. Mama yake, marehemu Tecla, alisahau. Ndivyo Ntwari alivyopenda kusimulia. Kwa hiyo alifeli darasa la saba, duka likamfia, na kahawa yake ikamezwa na majani huku mwenyewe akiwa kilabuni anailaumu bahati.

Mkewe Esperansia aliposhika mimba, mtu huyu aliyekuwa mzito hata kuinua jembe akawa anakwenda kisimani kila jioni. Alijaza kikombe, akakifunika kwa kisahani na kukiweka kando ya kitanda. Jumapili alikwenda misa kama kawaida, wala hakuona kinachogongana. Esperansia alifurahi sana, maana kutunzwa alikuwa hajakuzoea.

Asubuhi moja Ntwari akakuta kikombe kitupu.

"Nilishikwa na kiu," Esperansia alisema. "Niliyanywa."

Ntwari hakugomba. Aliacha tu kwenda kisimani, akaacha na kuulizia mimba. Mkewe alipotaja habari ya jina, alijibu, "Ya nini kuhangaika? Huyo ni mwenzangu." Ilimuuma Esperansia kuliko tusi. Mtoto hajazaliwa, baba amekwisha kumkatia tamaa.

Akamwita Benedicta, dada mkubwa wa Tecla, aje aseme na mwanawe.

"Shikamoo, mama mkubwa," Ntwari alimwamkia.

"Marahaba. Nani kakudanganya habari za maji? Mimba yako nilikaa na mama yako hapa hapa mpaka akajifungua. Miguu ilimvimba, maji nilimwekea mimi. Hayakukosekana hata siku moja."

Esperansia nusura apige vigelegele. Kisha akamtazama mumewe. Uso ulikuwa umemshuka kama wa mfiwa.

"Hebu fikiri vizuri, mama mkubwa," Ntwari alibembeleza. "Labda siku moja ulipitiwa."

"Sikupitiwa."

"Hata moja?"

Esperansia alimhurumia, kwa kweli. Lakini alipomsindikiza Benedicta hadi barabarani, alimshika mkono.

"Siku ya kujifungua ikifika uje wewe," akamwambia. "Na jina la mtoto utampa wewe. Baba yake asipewe nafasi ya kumrithisha ukavu wake."