Vidole Vyenye Haya

Vidole vya mguu wa kushoto wa Anneth vilikuwa na haya isiyo na mfano. Akiwa peke yake vilicheza vyenyewe, kidole gumba kikiongoza na vingine vikiitikia kama kwaya ya vijana. Akitokea mtu, tuli! Na maumivu nayo yalipanda kutoka unyayoni hadi pajani, yakakaa yalivyotaka, kisha yakaondoka bila kuaga.

Daktari mjini Arusha alimpiga picha, akampima damu, akamgonga goti. "Bado sioni sababu, dada. Ila usiache kuja." Muda wote huo vidole vililala fofofo.

"Mguu gani huu unaojua msimu wa kahawa!" alitania mama mkwe wake, Mama Anaeli, aliyeishi naye juu kidogo ya mji mdogo wa Kikatiti. "Buni zikiiva tu, unauma."

Anneth alicheka, lakini neno hilo lilimchoma. Maumivu angeyavumilia, kuonekana mvivu mbele ya mama huyu aliyempenda kulimshinda.

Jumamosi alikuwa uani akichambua kahawa kwenye ungo, mguu ukaanza, vidole vikafuata.

"Mama! Njoo uone!"

Mama Anaeli akaja na ndoo yake. Vidole vikatulia.

"Nione kucha?" Akarudi zake shambani.

Hakufika mbali, vidole vikaanza tena. Eunike, binti wa Anneth aliyekuwa akitambaa hapo, akavidaka, vikamponyoka, akaangua kicheko. Bibi akageuka kuona kinachomchekesha mjukuu.

"Yesu wangu!" Akachuchumaa, akavifumbata kiganjani. Vikaendelea kufurukuta humo humo kama vifaranga. "Hebu viache."

"Siwezi, mama. Sivichezeshi mimi."

"Na sasa hivi unaumwa?"

"Naumwa, mama."

Mama Anaeli akauondoa ungo, akaupakata ule mguu taratibu kama mtoto mchanga. Kisha akapaza sauti kuvuka migomba: "Mama Brayson! Tupa jembe, njoo mbio!"

Jirani akafika akihema. Vidole vikatulia tuli.

"Nione nini?"

"Vilikuwa vinacheza! Nimevishika kwa mkono wangu huu!"

"Mama Anaeli, umeonja pombe ya mbege asubuhi yote hii?"

"Mbege gani! Mkwe wangu anaumwa, nakwambia!"

Anneth akaing'ata kanga asicheke, machozi yakimlengalenga.

"Vuta kigoda, ukae," Mama Anaeli akamwamuru jirani, mguu bado mapajani. "Haondoki mtu hapa."