Meya Toka

Kitambaa kilikuwa kifupi. Hilo tu ndilo lililomfikisha Kimya kituo cha polisi, yeye ambaye hata akienda dukani kununua sindano hunyoosha kidole badala ya kusema.

Kazi ile aliletewa na dada yake, ambaye soko zima lilimwita Redio kwa kuwa hazimiki. Bomba la soko lilikuwa limekauka, huu ukiwa mwezi wa tatu. Wauza mboga waliandika barua mbili, hawakujibiwa hata moja. Wakakubaliana waende ofisi ya manispaa, wasimame nje kwa utulivu mpaka meya atoke azungumze nao.

"Nishonee maneno makubwa, mdogo wangu," Redio alisema. "MEYA TOKA NJE UTUSIKILIZE. Hata mwenye mtoto wa jicho ayaone."

Kimya alikuwa mshona vifungo kwenye karakana ya sare. Shule aliiachia darasa la tano, lakini herufi alizijua, akazikata kwa kitambaa chekundu moja baada ya nyingine. Alizikata kubwa, kama alivyoagizwa. Kubwa mno. Shuka jeupe likamwishia kwenye TOKA. Akakuna kichwa, akaligeuza, akashona upande wa nyuma: NJE UTUSIKILIZE. Kwa fundi hilo si kosa. Nguo ikipungua, unageuza.

Basi Jumatatu saa tano wanawake wakasimama mbele ya ofisi. Waliokuwa nyuma ya shuka walisoma NJE UTUSIKILIZE. Meya, kutoka dirishani kwake, alisoma MEYA TOKA. Hakutoka. Waliotoka ni askari, nao wakamchukua yule aliyekuwa akisema kuliko wote.

Jumanne asubuhi Kimya alisimama mbele ya kaunta ya kituo. Njia nzima alikuwa akikariri sentensi moja. Askari wa kaunta alikuwa na shati lililombana tumbo, na kifungo cha tatu kilining'inia kwa uzi mmoja. Kimya alikitazama kifungo, maana uso ulimshinda.

"Sema basi, binti. Au umekuja kutukagua?"

"Dada yangu. Yule wa jana."

"Redio?" Askari alicheka. "Huyo usiku kucha anatusomea taarifa ya habari! Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake. Lile shuka nilishona mimi, afande. Hatukuwa na nia mbaya. Kitambaa kiliisha. Nimekuja kuomba radhi."

Askari akachangamka. Akavuta kiti, akavuta karatasi. "Hapo sasa umesema. Kaa. Dada yako ana kesi ya uchochezi. Leo ikifika saa tano, saa ishirini na nne zinatimia, na sheria inasema tumpeleke mahakamani au tumwachie. Ukitoa maelezo mazuri, mnaondoka wote wawili. Jambo dogo."

Kimya akaeleza. Alisema maneno kama ishirini hivi, karatasi ikajaa.

"Sahihi hapa," askari alisema, akimsogezea kalamu. "Kama kalamu ni shida, dole gumba."

Kimya akaitazama sehemu aliyoonyeshwa. Juu yake palichapwa mstari: Nimesomewa maelezo haya, nikayaelewa.

"Sijasomewa," alisema.

"Hayo ni maneno ya fomu tu. Kila mtu husaini."

"Lakini sijasomewa, afande."

"Unataka dada yako atoke au hutaki?"

Alitaka. Redio alikuwa na kifua, na baridi ya sakafu ilikuwa adui yake tangu utotoni. Kutoka nyuma ya mlango wa chuma Kimya alimsikia akikohoa, kikohozi kile kikavu kisichotaka kwisha. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuishika kalamu. Lakini mkono huohuo ulikuwa umefundishwa kazi. Hata msimamizi aape kwamba shati limekamilika, Kimya hupitisha kidole kifungo kwa kifungo ndipo asadiki. Akaiweka kalamu chini, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Nitasoma mwenyewe."

"Haya, leo tutakesha!"

Tatizo ni kwamba Kimya hakujua kusoma kimoyomoyo. Aliacha shule kabla ya kuzoea. Ili aelewe, ilimbidi atamke, tena kwa sauti, na nyuma yake benchi lilijaa watu wenye shida zao. Akaanza.

"Mi-mi... ni-li-tu-mwa na da-da ya-ngu... ku-sho-na ma-ne-no ya... ku-m-to-a me-ya ma-da-ra-ka-ni."

Kidole kikasimama.

"Hili sikulisema."

"Maana yake ndiyo hiyohiyo."

"Toka nje si toka madarakani, afande."

"Kweli kabisa," alidakia mzee mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli yake iliyoibwa. "Mke wangu huniambia toka nje kila siku, na hajaniacha bado."

Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, ukiendelea hivyo baiskeli yako tutaitafuta mwakani," askari akasema.

Kimya hakucheka. Kidole kilishasonga. "Tu-ka-va-mi-a o-fi-si." Akainua uso. "Tulisimama. Nilisema tulisimama. Lifute hilo."

Alishangaa kusikia sauti yake ikifika hadi ukutani.

Askari akainama, akapunguza sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Tusipotezeane muda. Tuandike moja tu: mlikosea, mnaomba radhi, na hamtarudi tena pale. Mlango unafunguliwa sasa hivi."

Si ndilo alilolijia? Radhi alikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Lakini sasa, akiigeuzageuza, haikumkaa sawa. Kukata herufi kubwa kuliko shuka lilikuwa kosa lake, na mbele ya fundi yeyote angeliungama. Kusimama nje ya ofisi ya umma kuulizia maji ya soko, radhi ya nini?

"Na kama tungeshona toka madarakani?" aliuliza taratibu. "Meya kachaguliwa na madiwani tuliowapigia kura sisi. Tuliyemwambia ingia, haturuhusiwi kumwambia toka?"

Askari akatupia jicho saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

"Nipe karatasi nyingine," Kimya alisema. "Naandika mwenyewe."

Aliandika mistari mitano kwa dakika ishirini. Neno "manispaa" alilikata mara tatu. Chini kabisa akaandika: Nimesoma mwenyewe kwa sauti na watu wamesikia. Akatia sahihi.

Hapo mkuu wa kituo akatoka ofisini kwake. Alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Akazichukua karatasi zote mbili.

"Hii ya kwanza mbona haina sahihi?"

"Amekataa, mkuu."

"Na shuka lenyewe?"

Askari akalitandaza juu ya kaunta. Mkuu akasoma, kisha akashika pindo na kuligeuza. Akasoma tena.

"Jana mliligeuza?"

"Hapana, mkuu."

"Basi nikasimame mbele ya hakimu nimwambie nini? Kwamba kituo kizima kilishindwa kugeuza shuka?" Akarudisha miwani juu ya pua. "Mfungulie."

Redio alitoka akiwa ameshika viatu mkononi, macho mekundu. Mdogo wake akamkumbatia, akausikia ule mkwaruzo kifuani.

"Nendeni nyumbani," mkuu alisema. "Na Alhamisi manispaa ina kikao cha hadhara, nisiwaone pale. Nawashauri tu."

Redio akafungua kinywa amjibu. Kikatoka kijisauti kama cha bawaba iliyoota kutu. Kikohozi na maneno ya usiku kucha vilikuwa vimeimaliza sauti yote. Akamgeukia mdogo wake, akamkodolea macho.

Kimya akamgeukia mkuu.

"Kikao ni cha wananchi, mama," alisema. "Tutakuwepo. Bomba bado kavu."