Salamu za Gia ya Kwanza

Kobe hakuwa gari la kusimamishwa ovyo. Ukitaka kumsimamisha, kwanza utazame pameinama wapi, kwa sababu stata yake ilikufa tangu mwaka juzi, na betri ilikuwa na nguvu za kuwasha taa tu. Asubuhi Stambuli akitaka kutoka, humwachia ateremke mwenyewe kile kiteremko cha mbele ya nyumba yao pale Malindi, anatia gia ya pili, anaachia klachi, na Kobe anakohoa mara mbili kisha anaamka. Akikutwa penye tambarare, ni kusukumwa.

Jina alipewa na mtaa, kwa ule mgongo wake wa mviringo. Injini iko nyuma, buti iko mbele, na umri wake ni miaka arobaini na ushei. Stambuli alikuwa naye kwa ishirini na miwili ya hiyo. Ufundi hakuusomea popote. Alifundishwa na gari lenyewe: likiuma hapa, anapafungua hapa, na akimaliza kufunga akaona skrubu mbili zimebaki mkononi, anafungua tena. Miaka yote hiyo hakuna mkono wa fundi mwingine uliomgusa Kobe, na hilo Stambuli alilitaja kama wengine wanavyotaja kwamba binti yao hajawahi kukosa chuo.

Sasa siku hiyo ya Jumamosi Kobe alikuwa na kazi kubwa. Mahir, mwana wa mwisho wa Stambuli na mkewe Shekha, anasomesha hesabu huko Kaloleni, na alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba anamtaka Tasneem, binti wa Mzee Uweis wa Kilifi. Kijana hajiposei mwenyewe. Kwa hiyo wazee walipeleka neno, na neno likarudi: waje Jumamosi, baada ya alasiri, watasikilizwa.

Kusikilizwa na Mzee Uweis halikuwa jambo dogo. Watu wake walitoka visiwa vya kaskazini zamani, wakaja Kilifi na biashara yao na adabu yao, na biashara ilipopungua adabu ilibaki nzima. Ilisemekana kuwa mposaji wa kwanza wa Tasneem alikuwa kijana mzuri, ana kazi, ana dini. Akakataliwa kwa sababu mjomba wake alitoa salamu akiwa bado juu ya pikipiki, injini inanguruma. Mzee Uweis aliuliza swali moja tu: huyu ananisalimia, au anapita?

Shekha alikikumbusha kisa hicho mara tatu kabla hawajatoka. Akaikalia siti ya mbele na sinia ya halua na vileja mapajani, imefunikwa kitambaa cheupe. Jirani yao Dena akaja kuwatia nguvu ya kwanza, maana kiteremko cha mbele ya nyumba kilikuwa kimezibwa na mchanga wa mtu anayejenga. Alisukuma mpaka Kobe akaitika, akasimama anahema, mikono kiunoni.

"Mzee Stambuli," akasema, "gari hili linakula wanaume kuliko petroli."

Wakaondoka. Mpaka Gede mambo yalikuwa mazuri. Upepo unaingia kwa madirisha, Kobe anaimba kwa sauti yake ya cherehani, Stambuli amevaa kanzu ya Idi na kofia aliyofuma Shekha mwenyewe. Walipita Matsangoni. Karibu na Tezo, Stambuli alikanyaga klachi apunguze gia, na pedali ikaenda mpaka chini ikalala huko huko, kama mtu aliyesikia habari mbaya.

Hakushtuka sana. Waya wa klachi ulikuwa umechakaa kwa muda. Kila alipoutazama alikuta uzi mmoja zaidi umekatika, na kila mara alijiambia kwamba zilizobaki zinatosha. Na waya mpya alikuwa nao. Aliuagiza Mombasa, ukaja umekunjwa vizuri, akamkabidhi mkewe auweke.

"Waya umekatika," akamwambia. "Usijali, tutafika pahali penye kivuli nitie ule mwingine. Si uko buti?"

Shekha akanyoosha kitambaa cha sinia, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Hauko buti."

"Uko wapi?"

"Umeshika pazia la chumba cha wageni."

Waya wa zamani wa pazia uliliwa na kutu ya chumvi, Shekha akaeleza, pazia likaanguka, na wageni walikuwa wanakuja, na ule waya wako ulikuwa hapo umekaa bure, urefu wake kama uliopimwa. "Na wewe mwenyewe ulilisifu. Ulisema sasa pazia limenyooka."

Ni kweli alisema hivyo.

Basi hesabu ikawa hii. Gari bila klachi linaweza kwenda, mradi liwe linakwenda. Unaachia mafuta, unaitoa gia taratibu, unasikiliza injini, na ikifika sauti yake unaipachika ile nyingine bila kuilazimisha. Stambuli aliwahi kufanya hivyo kutoka Mambrui mpaka nyumbani. Lakini kusimama, hapana. Akisimama, na stata ndiyo hiyo maiti, klachi ndiyo hiyo, Kobe hatoki hapo siku hiyo. Kwa hiyo akaamua asimame mara moja tu, mlangoni kwa Mzee Uweis, na baada ya hapo Mungu atajua.

Akayapita matuta ya kwanza kwa gia ya pili. Akayapita ya pili. Alikuwa ameanza hata kujisifu moyoni, ndipo Shekha akasema, "Yule si Mzee Uweis?"

Alikuwa yeye. Mzee ana shamba la mikorosho na minazi hapo Tezo, na alikuwa amekwenda mwenyewe kuangusha madafu ya wageni. Amesimama kando ya barabara, kanzu, koti, bakora, na kikapu cha makuti miguuni. Alikuwa ameshaliona gari, na pwani nzima inalijua. Akainua mkono wake wa kulia.

Hapa Stambuli alifanya kosa, na lilikuwa kosa la fundi. Mtu mwingine angesimama, gari na life. Lakini mguu uliozoea kulilinda gari kwa miaka ishirini na miwili haukusubiri kuulizwa. Kobe akapita.

Kwenye kioo, mkono wa mzee ulibaki juu muda mrefu kuliko inavyopasa, kisha ukashuka.

"Umempita," Shekha akasema.

"Nimempita."

"Mkono umeinuliwa, ukampita."

Moyoni Stambuli alimwona Mahir, na daftari zake za hesabu huko Kaloleni, akingoja simu. Mwenye pikipiki angalau alisalimia. Mbele kulikuwa na uwanja wa mpira. Akakata kona akaingia uwanjani bila kupunguza, akazunguka goli moja, mbuzi wakatawanyika, akarudi barabarani kichwa kikielekea Malindi. Ikambidi ampite Mzee Uweis tena, safari hii upande wa pili wa barabara, akageuze kwenye njia ya shamba kule juu. Mzee aliwafuata kwa macho tu. Shekha aliushusha ukingo wa mtandio mpaka kwenye pua.

Walipomjia mara ya tatu, Stambuli alikuwa ameshaipachika gia ya kwanza na mguu ameutoa kwenye mafuta kabisa. Kobe akawa anatambaa kandokando, magurudumu mawili mchangani. Mzee Uweis alikuwa ameokota kikapu chake na kuanza kutembea kwa miguu kuelekea Kilifi, hatazami kulia wala kushoto.

"Salaam aleikum, Mzee Uweis."

Salamu hiyo huitikiwa hata ikitolewa na hasimu. "Waleikum salaam," mzee akasema, akiiambia barabara. Halafu: "Zima gari tuamkiane."

"Nikilizima haliwaki, mzee wangu. Waya wa klachi umekatika. Ndiyo maana nilikupita, na ndiyo maana nimerudi."

"Kwa hivyo unanisalimia kwa gia."

"Ya kwanza, mzee. Hakuna iliyo chini ya hiyo."

Mzee Uweis akatembea hatua kama kumi. Bakora yake iligonga lami sawasawa, kama saa. Kisha, bila kugeuza kichwa, akauliza hali ya Malindi.

Malindi ni njema, Stambuli akajibu. Na wazee wa huko? Wazima, wanakusalimu. Na bibi mkubwa, mamake Stambuli, miguu yake? Afadhali, alhamdulillahi. Na watoto, na wajukuu, na jirani aliyefiwa mwezi wa Rajabu? Kila swali lilipita juu ya mapaja ya Shekha na sinia yake, na kila jibu likarudi njia hiyo hiyo, naye akaegemea nyuma kuyapisha. Gia ya kwanza ya Kobe ni mwendo wa mtu anayewahi swala ya jamaa. Mzee alianza kuvuta pumzi katikati ya maneno. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nyuma yao lori la mawe likapiga honi, likangoja, likapiga tena.

Angeweza kuacha. Angesimama tu, akawaachia waende. Lakini Mzee Uweis katika maisha yake hakuwahi kuikata salamu katikati, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni kwa ajili ya gari. Basi ikawa mmoja hawezi kulisimamisha gari, na mwingine hawezi kuisimamisha salamu, na walikuwa hawajafika hata kwenye habari za mvua.

Shekha ndiye aliyeona itakavyokwisha: mzee ataanguka. Akamkabidhi mumewe sinia ailaze mapajani, akapanda juu ya mgongo wa siti kuhamia nyuma, mwanamke wa miaka sitini na moja na buibui lake, kiatu kimoja kikamvuka mguuni kikaanguka nje alipoufungua mlango.

"Mzee Uweis, tafadhali panda," akasema kutoka huko nyuma. "Mvua tutaulizana tumekaa."

Mzee akatazama mlango uliokuwa wazi unatembea sambamba naye. Akatazama kile kiatu mchangani. Akarudi hatua mbili, akakiokota, akakimbia. Hakuna mtu wa Tezo aliyewahi kumwona Mzee Uweis akikimbia. Kikapu kikaingia kwanza, kikafuata kiatu, ikafuata bakora, kisha mzee mwenyewe, na mlango ukajifunga wenyewe kwenye shimo la kwanza.

Kwa muda ilisikika injini tu na mtu anayetafuta pumzi. Madafu yalibingirika chini.

"Uliponipita mara ya kwanza," mzee akasema hatimaye, "nilidhani hukuniona. Uliponipita mara ya pili nikasema, huyu amefunga safari kutoka Malindi kuja kunitukana, kwenda na kurudi." Akajipangusa uso kwa leso. "Ya mvua je, huko kwenu?"

Ilinyesha kidogo, Stambuli akamwambia.

Walifika Kilifi alasiri imeshaswaliwa. Mbele ya nyumba ya Mzee Uweis Stambuli alizima kwa ufunguo, Kobe akaruka kidogo kama kwikwi na kunyamaza pale pale, nusu barabarani. Mambo mengine yakaenda kama yanavyokwenda. Shekha alipelekwa ndani kwa wanawake na sinia yake, vileja vimehamia upande mmoja. Stambuli akaketi barazani, akanywa dafu, akasema maneno aliyoyakariri wiki nzima, kwamba wamekuja kuomba udugu. Mzee Uweis alisikiliza mpaka mwisho na uso wake haukusema lolote. Akajibu kama inavyojibiwa: wamesikia, watu wa nyumba watashauriana, jibu litakuja. Jibu la posa halitolewi siku hiyo hiyo. Na likiwa la kukataa, hata halua hurudishwa.

Stambuli alilijua hilo. Lakini alirudi kuitazama ile bakora iliyoegemezwa ukutani, yenye mchanga wa Tezo, na akaona kwamba mtu aliyekimbizwa hivyo ana haki ya kurudisha sinia. Akaomba ruhusa ya kuondoka. Akaeleza kwamba yeye na mama Mahir watapanda gari la abiria, na kesho atakuja na waya. Kobe atamwacha hapo hapo kando ya barabara, hana wa kumwiba.

"Atalala barabarani?" mzee akauliza.

"Amezoea, mzee wangu."

Mzee Uweis akasimama. Aliita majirani wawili waliokuwa wakipita, akasema malango ya uani yafunguliwe, yote mawili, na ule mtumbwi mbovu uondolewe. Halafu akaipandisha kanzu yake kwa mkono mmoja na kuweka bega lake kwenye mgongo wa Kobe, nyuma, palipo na moto. Stambuli akamzuia, akasema si kazi yake hiyo.

"Sukuma," mzee akasema. "Kitu cha mkwe hakilali njiani."

Ndani kigelegele kimoja kikatoka, kikazibwa mdomo kabla hakijafika mbali. Stambuli aliinamisha kichwa akasukuma, kwa sababu hakujua aweke wapi uso wake. Kobe aliingia uani bila kelele, kama mtu wa hapo.

"Nimesema gari," Mzee Uweis akasema kwa sauti, akielekea dirisha la wanawake. "Jibu bado."

Lakini sinia ya halua haikurudi, ilibaki kwa akina Tasneem na kitambaa chake.

Kesho yake asubuhi Shekha alipanda kigoda katika chumba cha wageni akaufungua ule waya, akaukunja, akaufunga kwa uzi, na badala yake akatundika pazia kwa kamba ya katani. Likalegea katikati kama tumbo la ng'ombe. Stambuli alisimama mlangoni na spana mfukoni, kanzu ya Idi juu ya suruali ya kazi, akalitazama kwa muda.

"Limenyooka," akasema, akachukua waya wake akaenda kituoni.