Jina Nililomwazima Shamsa

Mwaka wa 1989 ukielekea kuisha, redio ilitangaza kwamba Wasomali wote wa Kenya waliotimiza miaka kumi na minane waende wakaulizwe wametoka wapi. Waliita skriningi. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe, na kwanza nilidhani ni habari ya watu wa mpakani. Kisha nikakumbuka kwamba Shamsa alikuwa chumba cha pili, anapiga pasi sare yake ya ualimu kwa makaa yangu. Nikaweka ungo chini.

Mama yake, Habiba, alikuwa na duka la sukari, majani ya chai na vitambaa, ng'ambo ya barabara kutoka lango letu pale Kiplombe, nje ya mji wa Eldoret. Baba yake, Ali, alikuwa dereva wa lori la Lodwar. Alikufa njiani Shamsa akiwa na miaka tisa, lakini hata alipokuwa hai tulikuwa tukimwona mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mtoto alikua akivuka barabara. Jikoni kwangu kulikuwa na sufuria moja ambamo haikuwahi kuingia nyama isipokuwa ile iliyochinjwa na Mwislamu, na watoto wangu wote waliijua. Wakati wa mfungo wake, binti yangu Nyaguthii alikuwa anakula nyuma ya ghala ili asimtamanishe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Shamsa aliniita Cucu, yaani nyanya kwa lugha yetu ya Kikuyu, kabla sijapata mjukuu hata mmoja.

Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anafundisha watoto wadogo bila cheti cha ualimu, na chuo kimoja cha wauguzi kilikuwa kimempa nafasi. Barua ilisema aripoti tarehe kumi na tano Januari, na asikose kipande, yaani kitambulisho. Kipande hakuwa nacho. Alikuwa ameenda kukiomba mara tatu, na mara tatu wakamwambia arudi baadaye. Baada ya tangazo lile tulijua kwamba bila kupita skriningi hakuna kipande, na bila kipande hakuna chuo.

Habiba alisema tusihangaike, twende kwa mheshimiwa, mbunge wetu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka uliotangulia tulipiga kura kwa kusimama, kila mtu nyuma ya picha ya mtu wake, na Habiba na kaka yake Osman walisimama nyuma ya picha ya mheshimiwa huyo tangu asubuhi. Osman alikuwa amembebea watu wake na viti vyake kwa lori lake msimu mzima. Mimi pia nilisimama hapo, kwa sababu naibu wa chifu alipita nyumba kwa nyumba akituambia pa kusimama. Laini yetu ilikuwa fupi. Ile nyingine ilipita kisima ikaishia kwenye miti ya mikaratusi. Halafu ikatangazwa kwamba sisi ndio tumeshinda. Watu wa ile laini ndefu walitutazama, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilinyamaza. Nilifikiri kunyamaza ndiyo amani.

Basi tulienda kwake, tukakaa kwenye benchi la bustani kuanzia saa mbili hadi saa saba. Mkewe alituletea chai yeye mwenyewe, na alipoona Shamsa anatetemeka kwa baridi akamletea sweta. Mheshimiwa alipotoka alisema hiyo ni amri ya juu, hata yeye haiwezi. Alituomba tukitoka tupite mlango wa nyuma, kwa sababu kulikuwa na wageni.

Osman alicheka njia nzima. "Nilimbeba huyu hadi Burnt Forest kwenye matope," alisema, "na siku hiyo hakuniuliza babu yangu alizikwa wapi."

Siku yetu ilifika katikati ya Desemba. Skriningi ilifanyiwa kwenye ukumbi mmoja mjini, na watu walikuwa wamepanga laini kuzunguka jengo: wenye maduka, madereva, mzee aliyevaa medali za vita vya Mwingereza, akina mama na vitoto mgongoni. Niliiangalia laini ile nikaona hawa ni walewale waliohesabiwa mwaka uliotangulia wakiwa wamesimama nyuma ya picha. Askari mmoja, Wanyama, alinitolea kiti akaniuliza nafanya nini kwenye laini ya Wasomali. Nilimwambia nimemleta mtoto wangu. Alinitazama, akamtazama Shamsa, akasema, "Sawa, mama, kaa kivulini."

Kwa wiki mbili Habiba alikuwa amemfundisha Shamsa majina ya babu zake, kutoka kwa Ali kwenda nyuma hadi jina la kumi. Alikuwa anayasema akisuka nywele, akiosha vyombo. Hata mimi niliyashika. Kwa hiyo alipoitwa ndani sikuogopa sana. Mlango ulikuwa wazi nikawa namsikia. Mzee wa Kisomali aliyewekwa mezani alimuuliza kwa lugha yao, naye akajibu, akataja majina yote kumi bila kukwama. Yule mzee akaitikia kwa kichwa akasema kwa Kiswahili, "Huyu ni wetu. Baba yake namjua."

Ningetaka hadithi iishie hapo.

Afisa aliyekaa katikati alifungua bahasha ya vyeti. Alisoma cha kwanza, cha kuzaliwa, akasoma cha pili, cha shule, akaviweka kando kwa kando. Akamuuliza Shamsa jina la baba yake tena. Shamsa akasema Ali. Afisa akauliza, basi huyu Ndungu ni nani?

Mimi nilisimama kabla hawajaniita.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Mwaka wa 1977 Shamsa alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Ali alikuwa Lodwar, na Habiba alikuwa hospitalini na uzazi mbaya. Nilimchukua mtoto kwa mkono nikampeleka shuleni pamoja na mwanangu Wanyoike. Mwalimu alisema madarasa yamejaa, na watoto wa watu wa kupita wasubiri mwaka mwingine. Nilimtazama Shamsa. Alikuwa amevaa kaptura ya zamani ya Wanyoike chini ya gauni, kwa ajili ya baridi, na amebeba kipande cha chaki alichookota njiani, tayari kuandika. Mwalimu alipouliza baba wa huyu ni nani, nikasema Ndungu. Ndungu ni mume wangu. Mwalimu alijua, nami nilijua kwamba anajua. Akaandika Shamsa Ndungu, akamwonyesha pa kukaa.

Ilikuwa kama kumfunika mtoto na shali yako mvua ikinyesha. Habiba aliporudi nyumbani nilimwambia, akacheka japo alikuwa bado mgonjwa. Alisema mtoto mwenye baba wawili hatalala njaa. Ali naye alimletea Ndungu kofia kutoka Lodwar, akamwita mwenzangu. Jina likabaki. Likaenda kwenye mtihani wa darasa la saba, likaenda hadi kidato cha nne. Hakuna aliyefikiri kulirudisha.

Haya yote nilimwambia afisa. Alisikiliza, siwezi kusema hakusikiliza. Kisha akasema, "Kwa hivyo mama, ulidanganya serikali."

"Nilimwandikisha mtoto shule."

"Kwa jina la uongo."

"Kwa jina la nyumba yangu."

Akaniomba kipande changu. Alikigeuza nyuma, akasoma. "Hapa imeandikwa nyumbani kwenu ni Murang'a. Hapa Eldoret unafanya nini?"

Nilimwambia niko hapa tangu mwaka wa sitini na nne. Nimezaa watoto wanne hapa, na Ndungu amelala kaburini kwenye shamba letu Kiplombe, miguu yake ikielekea mahindi. Afisa akasema hakuniuliza hayo. Alinirudishia kipande polepole, kama mtu anayekirudisha kwa muda tu. Siku ile nilielewa kwamba ile laini ya nje ina nafasi yangu pia, bado tu haijanifikia.

Vyeti walivizuia. Shamsa alitoka amebeba bahasha tupu ameikunja vizuri, kama bado ina kitu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alinishika mkono kwenye ngazi akaniambia niangalie nisiteleze.

Karani wa ofisi ile, Opiyo, alitufuata hadi barabarani, akijifanya anaenda kununua sigara. Alisema dawa ni moja. Mimi niape mbele ya wakili kwamba yule msichana si wangu. Karatasi hiyo ikiletwa, vyeti vitatoka. Alisema pole mara mbili, akarudi kazini bila sigara.

Tulienda kwa wakili baada ya Krismasi, kwa maana ofisi zilikuwa zimefungwa. Mpiga chapa wake, Joash, alikuwa tayari amepewa maneno yanayotakiwa. Alinisomea, lakini mimi nilimwomba karatasi. Nilisoma elimu ya watu wazima kanisani, na ninasoma, ila ninasoma polepole. Iliandikwa kwamba mimi, Wamucii, mjane wa Ndungu, naapa kuwa Shamsa Ali si mtoto wangu, si wa jamaa yangu, wala sina uhusiano wowote naye, na kwamba jina la Ndungu alilichukua kwa hila.

Nilisema hilo la mwisho sitatia sahihi. Hakuchukua kitu. Nilimpa.

Joash alitazama saa. Ilikuwa saa ya chakula na wenzake walikuwa wameshatoka. Akavuta karatasi mpya akaanza upya kutoka juu, ukurasa mzima, ili sentensi moja iwe ya kweli. Ikasomeka kwamba jina hilo alipewa na mimi. Nikamuuliza kama anaweza kutoa na ile ya uhusiano.

"Hiyo, mama, ndiyo wanayoitaka," alisema. Hakuniangalia.

Habiba alikuwa amekaa nyuma yangu. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama Wanyoike, usiandike. Chuo kiende. Mungu ataleta kingine."

 Shamsa alikuwa anaangalia kalamu. Nikajua anachotaka, na nikajua hawezi kuniomba. Nikatia sahihi. Mkono wangu ulifanya herufi kubwa za mtoto, W ikagusa mstari wa juu. Pale kwenye neno uhusiano nilikuwa nimeweka kidole bila kujua, na wino wa mashine ulikuwa haujakauka, kwa hiyo nilirudi nyumbani na alama yake kidoleni.

Chuo hakikungoja. Tarehe kumi na tano ilipita vyeti vikiwa bado ofisini, na nafasi yake ikapewa mwingine. Kadi yake ya skriningi ilitoka Aprili, ya rangi ya pinki, tofauti na ya kwangu na ya mtu mwingine yeyote aliyezaliwa hospitali ile ile aliyozaliwa yeye. Chuo kikamwambia ajaribu Septemba. Pamoja na kadi alipewa onyo: akisikika tena anatumia lile jina, au anajifanya mtoto wa nyumba ile, faili litafunguliwa.

Asubuhi iliyofuata nilivuka kwenda kununua sukari. Kijana mmoja wa chama tawala, wale waliokuwa wanazunguka sokoni wakikagua nani ana kadi ya chama na nani hana, alikuwa amekaa kwenye benchi la duka anakunywa soda. Juu ya rafu picha ya rais ilikuwa imepanguswa vumbi, kama ilivyotakiwa na sheria. Shamsa alikuwa anauza badala ya mama yake. Alinyanyua kichwa akaniona. Mdomo wake ulishaanza lile neno, Cucu, niliona. Kisha akamtazama yule kijana.

"Habari ya asubuhi, Mama Wanyoike," alisema.

Alinipimia sukari, akaongeza kijiko juu baada ya mizani kutulia, kama alivyofanya siku zote, akafunga karatasi mara mbili ili isimwagike.

"Nzuri, dada," nikaitikia. Nikachukua sukari yangu, nikavuka barabara.