Taa ya Akiba ya Olimpia

Msinipe pole. Pole wapewe waliofiwa bila kosa lao.

Hapa kwetu Olimpia, siku moja kabla ya sherehe ya kuwasha mwenge wa Olimpiki, akina dada wanaoigiza makuhani wa kale hufanya mazoezi: jua linapiga kwenye kioo kilichobonyea, mwenge unashika moto. Moto huo wa mazoezi tunautia kwenye taa ndogo na mtu anaulinda, maana kesho yake mawingu yakitanda, ndio utakaowasha mwenge wa michezo. Mara tisa nimeulinda mimi, Pantelis, na mara zote tisa jua likatoka.

Safari hii redio ilisema mvua. Mke wangu Garifalia alikuwa amelazwa hospitali ya Pirgos, mwendo wa nusu saa kwa gari. Asubuhi ya sherehe akanipigia, sauti imemkauka.

"Mke mwenzangu hajambo?" Ndivyo alivyoiita ile taa.

"Hajambo, anakusalimu. Leo ni zamu yake, mawingu tele!"

"Haya, mtunze. Lakini uje."

"Sherehe ikiisha tu saa sita, naja hapo."

Muda si muda akapiga dada yake, Athinula. "Shemeji, acha upuuzi, njoo sasa hivi! Daktari kasema hafiki jioni."

Lambros, mwenzangu wa kazi, alisikia. "Nenda bwana, nitaishika mimi. Ni taa tu!"

Nikakataa. Nilitaka mkono utakaoutoa moto ule uwe wangu. Nisiwafiche: nilitaka sifa, mjinga mimi.

Saa sita kasoro robo mawingu yakaachana. Kuhani akainamisha mwenge kwenye kioo, ukashika papo hapo, watu wakapiga makofi.

"Zima hiyo, Pantelis," Lambros akasema, bila kuniangalia.

Niliendesha gari kama kichaa. Hospitalini nilimkuta Athinula amekaa nje ya mlango wa chumba. Hakuinuka.

"Amekwenda saa sita na dakika tano," alisema. "Tangu asubuhi ananiuliza, nje kuna mawingu? Namwambia yapo. Jua lilipotoka nikavuta pazia, nikamwambia bado yapo, tena mazito. Akafurahi, shemeji. Akasema, leo Pantelis wangu watamwona."