Fainali Nyuma ya Ukuta

Maandishi mekundu yalimkodolea macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta: *Programu imezuiwa*. Mkunga mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kingi kwa jinsi alivyowachapa wanaume kwenye drafti, alibofya tena kwa nguvu, kana kwamba mashine ina uziwi. Maandishi hayakubanduka.

Fainali ya mashindano ya drafti mtandaoni ilikuwa karibu kuanza. Mpinzani wake, fundi cherehani wa nchi jirani ambaye hakuna aliyekumbuka ameshindwa lini, alikuwa tayari mtandaoni. Asiyetokea ubaoni amejishinda mwenyewe. Ndivyo kanuni zilivyosema.

Na mchawi wa jambo hili alikuwa yeye mwenyewe. Asubuhi redio ilitaja wezi wa mtandaoni, naye akaingiwa na kiherehere. Akafungua ukuta wa moto, yule mlinzi wa kompyuta anayeamua programu ipi ipite na ipi izuiwe, akaona pameandikwa *Rudisha mipangilio ya mwanzo*. Akabonyeza, akidhani anakaza komeo. Kumbe alifuta ruhusa zote, ya drafti ikiwamo.

Aliyeziweka ruhusa hizo ni mke wa mdogo wake, mwalimu wa kompyuta, waliyekaa naye nyumba moja. Badala ya shukrani, Kingi alimwambia siku ile asiguseguse vitu vya watu. Tangu hapo salamu zao zilikuwa za kupita mlangoni. Mdogo wake hutania kwamba nyumba ile ina wifi tatu, na inayoshika ni ile ya ukutani tu.

Kumwita sasa ilikuwa sawa na kumeza mfupa. Lakini cha uvunguni kilikuwa uvunguni, na Kingi akainama.

“Wifi,” alisema, akisimama mlango wa uani, “drafti imekataa.”

Wifi aliacha nguo alizokuwa akianika, akajifuta mikono. “Umebonyeza nini?”

“Mipangilio ya mwanzo.” Sauti ilimtoka ndogo. “Si tuuzime tu huo ukuta?”

“Tukiuzima, wezi wa mtandaoni wataingia bila hodi. Nilihifadhi nakala ya mipangilio yako. Ninayo kwenye flashi.”

“Ulihifadhi? Baada ya maneno yale?”

“Kabla yake,” Wifi alijibu. “Baada yake sikuifuta.”

Kingi akamfuata ndani. Wifi alichomeka flashi, akafungua dirisha la ukuta wa moto, akaichagua nakala. Onyo likajitokeza: *Mipangilio yote ya sasa itafutwa na kuwekwa ya nakala hii. Uendelee?*

Wifi aliondoa mkono kwenye kipanya. “Kompyuta yako. Bonyeza wewe.”

Kingi aliutazama mkono ule. Miaka yote ya ukunga, wanawake walimshika kiganja wakamkabidhi roho zao bila kumuuliza swali, naye aliona ndiyo desturi ya dunia. Hakuwahi kuwaza jinsi inavyokuwa upande wao wa kitanda. Akavuta pumzi, akabonyeza.

Punde si punde ubao ukafunguka, kete zikang’aa safu kwa safu. *Nilidhani umeogopa*, fundi aliandika.

*Subiri*, Kingi akajibu. Wifi alikuwa anajiondokea. “Unakwenda wapi? Vuta kiti.”

Fundi alicheza kama anayekata kitambaa: haraka, bila kurudia mkasi. Akamla Kingi kete moja, akala ya pili. Wifi, asiyejua drafti hata chembe, alijikuta amebana pumzi. Kingi akasogeza kete ya tatu, akaiacha wazi kabisa.

“Ataila hiyo,” Wifi alinong’ona.

“Namwombea aile.”

Akaila. Hapo kete ya Kingi iliruka moja, ikaruka ya pili, ikaruka ya tatu, ikatua mstari wa mwisho na kuvikwa taji. Wifi alimkamata bega, na Kingi akaliacha bega lake likamatwe. Hatua chache baadaye fundi aliandika: *Nimekubali, mama.*

Jua lilikuwa bado juu, na nusu ya nguo zilikuwa bado kwenye beseni. Kingi aliinuka, akarudi na ubao wa mbao na vizibo vya soda vya kuwa kete, akavipanga katikati yao.

“Nyeusi zako,” alisema.

Raundi ya kwanza Wifi alichapwa vibaya. Katika ya pili aliisogeza kete mahali ambapo mwenye akili asingeisogeza, akaiacha wazi kabisa. Kingi alinyoosha mkono aijibu, kisha mkono ukasita hewani, akainama karibu zaidi na ubao.