Dokta wa Mkange

Baba alinipa udaktari msikitini, Ijumaa moja baada ya sala, wiki yalipotoka matokeo yangu ya kidato cha nne. Hakuniuliza. Alisimama akawaambia watu, "Mkange itapata daktari wake," na toka siku hiyo nikapoteza jina. Mikdad akawa Dokta. Dokta dukani, Dokta kisimani, Dokta hata kwa watoto wanaochunga mbuzi.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuona ninachokitaka. Shule ilitupeleka Mbegani, kwenye chuo cha uvuvi, tukatazame kazi. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilisimama mbele ya injini ya boti iliyofumuliwa, mwalimu wa pale akaniachia nifunge kipande, na mikono yangu ikanuka dizeli mpaka nyumbani. Sikutaka kuiosha.

"Kesho ndiyo mwisho wa kubadili machaguo ya shule na vyuo," nilimwambia baba Jumatatu moja asubuhi, barazani, mgeni wake Mzee Maulidi akiwepo. "Nataka niende Bagamoyo mjini nikabadili. Naomba radhi yako."

"Ubadili nini?" Hakugeuka. "Nishawaambia watu."

"Waambie tena."

Mzee Maulidi akacheka ndani ya kikombe chake cha kahawa. "Bwanausi, Dokta wako kashaanza kupasua watu!"

Baba hakucheka. "Bila radhi yangu hutoki hapa."

Nilikuwa nafungua mdomo Bi Ashatu alipoingia uani anahema, mjukuu wake Rehani mgongoni ndani ya kanga, kichwa kimelegea.

"Dokta, nimekuletea."

"Bibi, si umeipita zahanati?"

"Nimeipita. Pale foleni, na sisi tuna wetu." Akamlaza mtoto mkekani, miguuni pangu. "Mshike tu, mwanangu, uniambie ana nini."

Joto lake nililihisi kabla ya kuinama. Macho yalikuwa nusu wazi, hayatazami kitu.

"Mtazame," baba akasema. "Kumtazama tu kunakupunguzia nini?"

Nilijua. Nikigusa paji lile na kutamka ugonjwa wowote, baba ameshinda, na Bi Ashatu anarudi nyumbani na mtoto bila kutibiwa.

"Mimi si daktari. Sijui kitu. Mrudishe zahanati sasa hivi."

"Unaniaibisha," baba akasema, sauti chini.

Hapo Rehani akakakamaa. Meno yakaumana, mikono ikaanza kurukaruka. Bi Ashatu akapiga yowe. Nikamnyakua mtoto nikatimua mbio, baba nyuma yangu, kandambili zinapiga njia.

"Fanya kitu, Dokta! Fanya kitu!"

"Sijui, baba! Sijui!"

Muuguzi Blandina alimpokea mtoto mlangoni, akafunga mlango. Bi Ashatu alifika, akasimama ameshika ukuta. Hatukuangaliana, mimi na baba. Muda ukapita, mrefu, ndipo Rehani akalia, kilio chembamba cha hasira, na bibi yake akateleza ukutani mpaka sakafuni.

Blandina akatoka, uso umelowa jasho. "Degedege limetulia. Lakini nani kamchelewesha huyu? Watu wanasema kapitishwa hapa mlangoni!"

"Nilimpeleka kwa Dokta," Bi Ashatu akasema, akininyooshea kidole.

"Dokta gani? Huyu mtoto wa shule?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na jibu mdomoni, kali, la kumkata baba vipande mbele ya foleni nzima. Baba akanitangulia.

"Mimi ndiye niliyesema ni daktari," akasema. "Yeye amekataa. Tangu asubuhi anakataa."

Maulidi, aliyekuwa amefika nyuma yetu, akainamisha macho.

Tulirudi, yeye mbele. Mlangoni kwetu akasimama, mgongo kwangu.

"Kesho nenda Bagamoyo. Radhi nimekupa. Furaha usiniombe."

Nikasema ahsante. Alikuwa ameshaingia ndani.